Dawa Haingoji PF3

Wengi waliobakwa huja kwetu wakilalamikia kitu kingine. Tumbo la chini linauma. Mkojo unachoma. Usingizi hauji, kichwa kinagonga tangu juzi. Mama mwingine anamleta mtoto wa kikohozi, anapokea dawa, anainuka, na akiwa ameshashika kitasa cha mlango ndipo anageuka: "Dokta, na mimi kuna kitu." Anayeingia moja kwa moja na kusema amebakwa mara nyingi ni yule aliyeletwa na polisi, au mtoto aliyeletwa na mzazi aliyepandwa na hasira. Hao ni wachache. Kwa hiyo nikiulizwa watoa huduma za afya tunafanya nini kuhusu ukatili wa kingono, jibu langu linaanzia kwenye foleni ya wagonjwa wa nje, Jumatatu asubuhi, watu wamebanana kwenye benchi na majina yanaitwa dirishani.

Mimi ni tabibu katika kituo cha afya Kanda ya Ziwa, Tanzania. Nashona vidonda, natibu malaria na vichomi vya watoto, na kwa kuwa nimepata mafunzo ya kuhudumia manusura wa ukatili, kila kesi ya aina hiyo ikiingia, zamu yoyote, utasikia, "Yule dada yupo?" Mpangilio huo siupendi. Kituo kinachomtegemea mtu mmoja kwa kazi hii kinakuwa hakina huduma siku mtu huyo akiwa likizo. Lakini ndivyo ilivyo sehemu nyingi, na humo ndimo nilimojifunza haya. Watu ninaowagusia nimewabadilishia mambo ya kutosha wasitambulike.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009, matokeo yake yakatangazwa 2011, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu watatu kati ya kumi wa kike walisema waliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wa kiume ni karibu mmoja kati ya saba. Hesabu ya wasichana haikunishangaza. Nafanya kazi kliniki. Ya wavulana ndiyo iliyonishtua, maana kwenye rejista yetu walikuwa kama hawapo. Wapo. Mvulana wa miaka minane aliyekwisha kuacha kujisaidia ovyo anaanza tena kuchafua kaptura, au anakataa kwenda choo kikubwa siku tatu, na mama anataka dawa ya minyoo. Siku hizi tabibu anayemwandikia dawa ya minyoo mtoto wa namna hiyo bila kumkagua na kuzungumza naye, tunamuuliza kwenye kikao cha asubuhi.

Basi tunauliza. Si kila mtu, wala si popote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 haushauri kila mwanamke anayekanyaga kituoni aulizwe. Unashauri aulizwe mwenye dalili zinazoweza kutokana na ukatili, mahali penye faragha, na pale tu mtoa huduma anapokuwa na la kufanya akijibiwa ndiyo. Nakubaliana nao hasa kwa hilo la mwisho. Kumfungua mtu kisha ukamwacha mikono mitupu ni kumwongezea mzigo.

Faragha yetu ilikuwa pazia. Chumba cha uchunguzi kilitenganishwa na chumba cha sindano kwa kitambaa cha kijani, ukipiga chafya huku, kule wanakuambia afya. Tulihamia kwenye stoo ya vyandarua. Meza, viti viwili, kitanda, taa nzuri, mlango wenye komeo la ndani. Hakuna mradi uliotufadhili. Kazi kubwa ilikuwa kumshawishi mganga mfawidhi atoe ufunguo na kutafutia yale maboksi pa kukaa.

Aliyemsindikiza mgonjwa, awe mume, mama mkwe au shangazi, hatumfukuzi. "Baba, naomba ukatufungulie faili pale dirishani, sisi tunaendelea na vipimo." Mlango ukishafungwa nauliza: "Dada, maumivu kama haya wakati mwingine huja mtu akiwa amelazimishwa jambo asilolitaka. Kwako limewahi kutokea?" Kisha nanyamaza. Hapo ndipo pagumu. Wanafunzi wanaokuja kwa mazoezi ya vitendo hawawezi kuvumilia kimya hicho. Kikizidi kidogo wanakijaza kwa ushauri. Akisema hapana, namwambia mlango uko wazi siku nyingine yoyote, tunarudi kwenye mkojo wake. Wapo walioondoka na hapana wakarudi baada ya miezi na jibu jingine.

Yapo maswali ambayo kwetu tumeyapiga marufuku. Ulikuwa unafanya nini huko saa hizo? Mbona hukupiga kelele? Ulikuwa umevaaje? Hayana kazi yoyote ya kitabibu. Hakuna dozi inayobadilika kwa majibu yake.

Akishasema, saa zinahesabiwa. Dawa kinga dhidi ya VVU lazima ianze ndani ya saa 72 tangu tukio, na kadiri inavyochelewa ndivyo nguvu yake inavyopungua. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kinaweza kusaidia mpaka siku ya tano, ila nacho kinataka kuwahiwa. Sasa ifuate safari ya mtu wa kijijini. Tukio limetokea Ijumaa jioni. Jumamosi familia inakaa kikao, na kikao kinagawanyika, wengine wanataka yaishie nyumbani. Jumapili wanakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, naye anawaelekeza kwa mtendaji, mtendaji yuko msibani. Jumatatu wanapanda gari mpaka kituo cha polisi, fomu za polisi za PF3 zimeisha, mtu ametumwa stesheneri ya mjini kutoa nakala. Wanaingia kwetu Jumatatu jioni. Ijumaa jioni mpaka Jumatatu jioni ni saa 72 kamili.

Ukimuuliza kila aliyekuwa njiani, atakwambia alifuata utaratibu. Tatizo ni imani ambayo sisi wa hospitali tuliijenga kwa mikono yetu, kwamba bila PF3 hutibiwi. Watu wamerudishwa getini na majeraha ya panga vichwani, wakajifunza. Lakini PF3 ni karatasi ya ushahidi. Haijawahi kuwa kibali cha kumeza dawa. Tuliwafuata wenyeviti, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na vijana wa bodaboda na neno moja tu: mleteni kituoni kwanza, polisi tutawaita wenyewe. Na tunawaita. Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto anakuja amevaa kiraia, PF3 mkononi, anakaa kwenye ile stoo yetu kama mgonjwa mwingine yeyote. Katika wote tuliowafuata, bodaboda ndio waliolishika neno haraka kuliko viongozi. Ndio wanaombeba mtu usiku, na hawaitishi kikao.

Zanzibar walitangulia kwa kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011: tabibu, polisi, ustawi wa jamii na mshauri chini ya paa moja, mtu asitembezwe na aibu yake mji mzima. Bara nako vituo vya namna hiyo vipo, hasa kwenye hospitali kubwa. Kituo cha afya cha kata hakitajengewa jengo kama hilo kesho. Kinachoweza kupata ni namba za simu za watu watatu wanaopokea.

Mpangilio wenyewe ni huu. Damu inayotoka na jeraha kubwa vinatangulia. Kisha dozi ya kwanza ya dawa kinga, siku hizi kwa mtu mzima ni kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani yake. Kipimo cha VVU tunapima, ila kikichelewa dozi ya kwanza haikingoji; akikutwa tayari anaishi na virusi, anaelekezwa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, na dawa kinga inasitishwa. Halafu kipimo cha mimba, kidonge cha dharura, na akitapika ndani ya saa mbili anarudia. Dawa za magonjwa ya ngono, chanjo ya homa ya ini B, sindano ya pepopunda kama kuna vidonda. Mtoto hupimwa uzito kwanza, dozi zake ni nyingine. Yote haya yanamezwa na mtu ambaye pengine hajala tangu jana, kwa hiyo chai na kitu cha kutafuna ni sehemu ya matibabu, na fedha yake hutoka mfukoni mwetu.

Nimkumbuke bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake wa miaka kumi na mmoja. Alikuwa amemwogesha kwa maji ya moto na chumvi, mara mbili. Alipoona uso wa muuguzi niliyekuwa naye zamu umebadilika, akaanza kujilaumu. Nilimwambia, na ni kweli, kwamba kuoga hakufuti kila kitu, na chumvi ile ilikuwa ni mapenzi yake kwa mtoto. Kumbe alikuwa na kitu muhimu kuliko alivyojua. Nguo za mtoto hakuzifua. Aliziviringisha kwenye kanga kuukuu akazificha chini ya godoro, kwa sababu hakutaka babu azione. Tulizianika ndani ya chumba kwenye kamba, chini tumetandika karatasi safi, mlango umefungwa. Zilipokauka kila nguo ikaingia kwenye bahasha yake ya kaki, ikafungwa kwa gundi, ikaandikwa tarehe, saa na jina la aliyeifunga, nikasaini kukatiza mdomo wa bahasha. Mfuko wa plastiki hapana. Unyevu hubaki humo na kinachotafutwa na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kinaoza nao. Askari alisaini kupokea. Ile saini yake ndiyo inayoulizwa mahakamani kabla ya vinasaba vyenyewe: nani alikuwa nayo, tangu lini, akamkabidhi nani.

Kumpima mtoto kama huyo kunachukua muda. Unamwonyesha taa, unamwachia aiwashe na kuizima. Unamwambia utagusa wapi kabla hujagusa, na akisema basi, ni basi. Muuguzi wa kike anakuwapo chumbani muda wote, hata kama tabibu ni mwanamke, na kama tabibu ni mwanamume hilo halina mjadala. Mtoto au mama asiyejua Kiswahili vizuri, tunamtafutia mfanyakazi mwenzetu anayejua Kisukuma. Ndugu hatafsiri. Ndugu akitafsiri, aibu ya familia inahariri maneno njiani.

Halafu kalamu. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, sisi watoa huduma tunapowaponza wagonjwa wetu bila kujua. Fungua rundo la PF3 za zamani na utakutana na sentensi fupi ileile: hakuna dalili za kubakwa. Aliyeandika hakuona mchubuko, hakuona damu, akafunga. Lakini sheria haimtaki mgonjwa awe na michubuko. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kuingiliwa hata kwa kiasi kidogo kunatosha, na kwamba si lazima kuwe na majeraha kuthibitisha kuwa hakuridhia. Tabibu anaweka sharti ambalo Bunge halikuliweka.

Na sayansi nayo haiko upande wake. Mwaka 2004 Nancy Kellogg na wenzake, huko Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wasichana 36 waliokuwa wajawazito. Wajawazito, hapakuwa na ubishi kuhusu kilichotokea. Kati yao ni wawili tu waliokutwa na alama za wazi za kuingiliwa. Mwili wa eneo lile hupona haraka na hunyumbulika. Kwa hiyo anayeandika "bikira ipo" au "bikira haipo" haandiki jambo lolote la maana, na kumpima mtu ubikira, kwa vidole viwili au kwa macho, Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka kukomeshwe tangu Oktoba 2018. Wazazi bado wanatuletea mabinti: "Dokta, tuangalizie tu kama bado." Jibu ni hapana, tena kwa upole, kwa sababu mara nyingine nyuma ya ombi hilo kuna mzazi anayeshuku jambo na hajui alisemeje.

Ninavyoandika mimi ni hivi: nilimpima saa ngapi, saa ngapi zimepita tangu tukio kwa maelezo yake, ameoga au hajaoga, amebadili nguo au la. Maneno yake nayaweka ndani ya alama za kunukuu, kama alivyoyasema. Kisha ninachokiona: michubuko miwili ya mviringo upande wa ndani wa mkono wa kulia, kila mmoja sentimita mbili, rangi ya zambarau. Sehemu za siri hakuna jeraha lililoonekana. Na sentensi moja ya ziada: kutoonekana kwa jeraha hakuondoi uwezekano wa kuingiliwa. Sentensi hiyo imeniokoa kizimbani zaidi ya mara moja, wakili akiniuliza kwa tabasamu kama si kweli kwamba sikuona kitu.

Kizimbani nako ni kazi. Mshitakiwa ana haki ya kutaka aliyejaza fomu aitwe aulizwe maswali, na ni haki ya msingi, sigombani nayo. Ninachogombana nacho ni wito kufika kituoni siku moja kabla, nauli kujilipia, na kesi kuahirishwa ukiwa umeshafika. Wenzangu waliohamishwa mikoa ya mbali wakati mwingine hawapatikani kabisa. Hata hivyo PF3 si mhimili pekee. Mahakama ya Rufani ilieleza tangu 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji ni ule wa aliyetendewa. Hilo huwa nawaambia akina mama wanaodhani bila damu kwenye nguo hawana kesi.

Kuna kesi nyingine ambazo haziji na PF3 wala kilio. Zinakuja na kadi ya kliniki. Binti anaketi kwenye benchi la wajawazito, miguu haifiki chini vizuri, na shangazi anasema ana miaka kumi na minane. Uso unasema kumi na nne. Kwa sheria yetu, aliye chini ya miaka 18 ridhaa yake haihesabiki, isipokuwa kwenye suala la ndoa, na hata hapo Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, katika shauri la Rebeca Gyumi, zilishasema vifungu vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Kwa hiyo kila mara muuguzi anapoandika "18" asiyoiamini, anafunga jalada la kesi ambayo haijafunguliwa.

Lakini ukikimbilia polisi siku hiyohiyo, wiki ijayo binti hatarudi. Atajifungulia nyumbani, na kwa umri ule hatari ya uchungu pingamizi na fistula unaijua. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa, nami natoa. Ninachofanya ni kumwambia kwanza. Simwahidi siri nisiyoweza kuitunza. "Mwanangu, mimi lazima nimwambie afisa ustawi wa jamii. Nitakuwa na wewe akija. Kliniki yako inaendelea palepale." Wapo wenzangu wanaoona huo ni ulegevu na wanaotaka pingu kwanza. Tumebishana sana. Mimi nataka mtoto aishi mpaka siku ya ushahidi. Mtu mzima ni tofauti; kwenda polisi au kutokwenda ni uamuzi wake, na dawa anapata vilevile.

Kabla ya kumruhusu yeyote kuondoka nauliza: leo usiku unalala wapi? Mara nyingi aliyemtendea ndiye anayelala chumba cha pili. Nyumba salama wilayani kwetu hakuna. Kitanda kipo. Tunamlaza, cheti kinasema maumivu ya tumbo yanafuatiliwa, na kwa siku mbili tatu ustawi wa jamii anatafuta ndugu wa upande mwingine. Mlinzi wa geti anajua nani haruhusiwi kuingia saa ya kuona wagonjwa. Mhasibu wa vitanda hafurahi. Na kwa kuwa tunalaza watu kwa usalama, tuliweka taa njia ya choo cha wodi ya wanawake, na sasa hakuna mfanyakazi wa kiume anayeingia wodi ile usiku peke yake. Baadhi walinuna.

Kinachobaki ni siku 28. Dawa kinga ni ya mwezi mmoja, na vipimo vya kurudia ni baada ya wiki sita na tena miezi mitatu. Hapa ndipo tunapowapoteza wengi. Zamani tulikuwa tunatoa vidonge vya wiki moja ili mtu arudi. Kurudi kukawa nauli, kuaga, kujieleza. Sasa tunampa vyote siku ya kwanza, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri tangu 2014. Kopo la dawa hizo linajulikana, na linalia ukilitikisa. Wanawake wa CTC ndio waliotufundisha kujaza pamba juu ya vidonge na kubandua karatasi ya nje, au kuvihamishia kwenye kopo la vitamini za wajawazito.

Tunampigia simu siku ya tatu na kila wiki baada ya hapo. Kabla hajaondoka tunamuuliza tupige namba ipi, saa ngapi, na akipokea mtu mwingine tujitambulishe vipi. Wengi hututaka tuseme tunatoka VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, tunakumbusha marejesho.